Miti iliyomo ndani ya dripu

Swali ninaloulizwa sana dirishani pale famasi, hapa Moshi, wala si la bei. Mtu anasubiri wateja wengine waondoke, anaegemea kaunta, anashusha sauti: "Dokta, hebu niambie ukweli. Wewe unaamini dawa za hospitali au za miti?" Mimi ni mfamasia, si daktari, ila mji huu ukishavaa koti jeupe umeshakuwa dokta, na kubishana ni kupoteza muda. Mara nyingi anayeuliza hivyo hajaja kwa ajili ya malaria wala kikohozi. Nyumbani kuna mgonjwa wa kansa.

Swali lenyewe nimelichoka. Linadhani kuna kambi mbili, na kwamba mgonjwa lazima ahame moja ndipo apokelewe nyingine. Kumbe wodi ya kansa imejaa miti. Imo kwenye vichupa vidogo vyenye majina magumu, imo kwenye dripu inayoshuka tone kwa tone, na mgonjwa aliyeapa kwamba hatagusa tena mitishamba anaingiziwa mti mshipani bila kujua.

Kwa hiyo huwa namjibu kwa kumtajia ua. Unalijua. Limepandwa kwenye makopo ya rangi barazani kwa watu kule Majengo na Pasua, limejiotea kando ya makaburi, lina petali tano za rangi ya waridi au nyeupe, na mara nyingi kidoa chekundu katikati. Linaota hata kwenye ufa wa saruji na halina shida na jua. Wataalamu wa mimea wanaliita Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska, ingawa siku hizi limeenea kila nchi yenye joto.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha kutoka Jamaica. Ndani mlikuwa na majani ya ua hilo. Mgonjwa wake aliyekuwa huko alimweleza kwamba wenyeji wanayachemsha na kunywa kutibu kisukari. Noble alikuwa ameshastaafu, akampelekea ndugu yake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert akawanywesha panya maji ya majani hayo, na sukari haikushuka hata kidogo. Akajaribu kuwachoma sindano ya dondoo lake, panya wakaanza kufa kwa maambukizi. Walipopimwa damu ikaonekana chembe nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zimeporomoka.

Mtu mwingine angetupa majani na kurudi kwenye shughuli zake. Robert Noble na mkemia Charles Beer walijiuliza: kuna ugonjwa ambao chembe nyeupe huzidi kupita kiasi, nao ni kansa ya damu. Je, kitu kinachoziua kingefaa huko? Kufikia 1958 walikuwa wametoa kwenye majani yale kemikali waliyoiita vinblastini. Wakati huohuo kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikilichunguza ua lilelile kwa njia yake, na ndiko ilikotoka ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Leo zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto mwenye kansa ya damu, au mwenye uvimbe wa taya ule ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuelezea akiwa Uganda mwaka 1958, uwezekano ni mkubwa kwamba matibabu yake yana vinkristini ndani. Haiendi peke yake. Inachanganywa na dawa nyingine, na ni mchanganyiko huo uliobadilisha hali ya watoto ambao zamani karibu wote walikuwa wanakufa.

Nikifika hapa mteja wangu huwa ameshachangamka. "Basi dokta, ua lenyewe ninalo nyumbani!"

Hapo ndipo tunakaa muda mrefu. Dozi ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Chukua punje tatu au nne za sukari, zile za kwenye kopo lako la chai, uziweke kiganjani. Uzito wake ndio huo. Sasa, ili kupata gramu moja ya vinkristini kutoka kwenye mmea, huhitajika kama kilo 2,000 za majani makavu. Kwa vinblastini ni kama kilo 500. Piga hesabu mwenyewe: zile punje nne ni kilo nne za majani yaliyokaushwa, gunia zima la majani mepesi.

Usikimbilie kuchemsha hilo gunia. Ua hili lina zaidi ya kemikali 100 za jamii moja, na nyingi kati ya hizo hazihusiani kabisa na kansa. Nyingine zinashusha presha, nyingine zinasumbua moyo na mishipa ya fahamu. Mifugo ikiyala majani yake inaweza kufa. Na vinkristini yenyewe ukiimeza, tumbo haliipokei kwa kiasi kinachotabirika. Leo utapata robo, kesho nusu, keshokutwa sumu. Ndiyo sababu inapitishwa mshipani, na hapohapo ni lazima sindano iwe imekaa vizuri, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa bahati mbaya, inaua. Kichupa chake huandikwa onyo hilo kwa herufi kubwa. Sijui mmea mwingine wa barazani ambao umbali kati ya tiba na kaburi ni mdogo hivyo.

Mwaka 2022 watafiti walioongozwa kutoka chuo kikuu cha ufundi cha Denmark walitangaza kwamba wameifundisha hamira, jamii ileile tunayoumulia maandazi, kutengeneza vipande viwili ambavyo vikiunganishwa vinakuwa vinblastini. Waliingiza vinasaba vya mmea ndani ya hamira. Hiyo kazi itakapofikia viwandani, pengine gunia la majani halitahitajika tena. Wachaga tunaojua mambo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, hatuna sababu ya kushangaa kwamba vijidudu vya uchachu vinaweza kufanya kazi ya mti.

Sasa nije kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa wangu ni wa Kibosho, ana shamba la migomba na kahawa kidogo, na aligundulika na kansa ya titi. Matibabu yake yalianza na dawa ambayo wagonjwa wote wanaiita "nyekundu" kwa rangi yake, ambayo inatokana na bakteria wa udongoni, kisha akahamishiwa paklitaxeli. Siku ya kwanza ya hiyo ya pili nilikuwa nimekaa naye. Aliangalia chupa, akaniuliza, "Na hii nayo inatoka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia inatoka kwenye gome la mti. Alicheka mpaka nesi akageuka. "Kumbe! Miti yangu mnanikataza, ya kwenu mnaniwekea mshipani."

Alikuwa na haki ya kucheka. Mwezi Agosti 1962 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya magome na matawi ya mti mmoja wa misitu ya jimbo la Washington, unaoitwa Taxus brevifolia. Mti mfupi, unakua polepole sana, wakata mbao walikuwa wanauona takataka na kuuchoma. Barclay hakuwa na sababu maalumu ya kuuchagua. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa imeanza mradi wa kukusanya mimea ya kila aina na kuijaribu dhidi ya seli za kansa, na katika miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipimwa dondoo zaidi ya 100,000. Nyingi hazikufanya lolote. Gome hili lilifanya. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wa North Carolina walitumia miaka kulitenganisha, na mwaka 1971 wakachapisha umbo la kemikali iliyokuwa inafanya kazi. Ilipofika 1979 Susan Horwitz wa New York akaonyesha jinsi inavyoua seli, na njia yenyewe ilikuwa haijaonekana kwenye dawa nyingine. Ruhusa ya kuitumia kwa kansa ya ovari ikatoka 1992. Kutoka kwenye gome la Barclay hadi kwenye dripu ni miaka 30.

Namna inavyoua nilimweleza mama mkubwa kwa mirunda, kwa sababu wakati huo alikuwa ana fundi nyumbani anamalizia ghorofa ya mwanawe. Seli ikitaka kugawanyika inasimamisha vijiti vyembamba ndani yake ili kuvuta vinasaba upande huu na upande ule, halafu kazi ikiisha inavibomoa. Dawa za lile ua zinamzuia fundi asisimamishe mirunda. Dawa ya gome inamwacha asimamishe, kisha inaigandisha isibomoke. Kwa vyovyote vile jengo halikamiliki, na seli inajifia.

"Na za nywele je?" akauliza. Nazo pia, maana seli za nywele, za utumbo na za uboho zinagawanyika haraka kama za kansa, na dawa haina macho ya kuchagua. Mishipa ya fahamu yenyewe haigawanyiki, lakini nayo inatumia vijiti hivyohivyo kusafirisha vitu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mshipa. Ndiyo maana ganzi huanzia kwenye ncha za vidole, mbali kabisa. Kwa mama mkubwa ilianza kama wadudu wanatembea vidoleni. Baadaye akawa hawezi kufunga vifungo vya sweta. Kilichomuuma zaidi ni ndizi. Mwanamke aliyemenya ndizi za mtori tangu akiwa mtoto, sasa kisu kinateleza, utomvu unamganda kiganjani na hausikii. Alikuwa anamenya huku anaangalia vidole kama vya mtu mwingine, na hakutaka mkwe wake amsaidie.

Kuna jambo jingine la dripu hiyo ambalo nalipenda kwa sababu za kikazi, mnivumilie. Paklitaxeli haiyeyuki kwenye maji. Watengenezaji walihangaika sana na hilo, na hatimaye wakaiyeyusha kwenye spiriti pamoja na mafuta yaliyotengenezwa kutokana na nyonyo. Ndiyo, nyonyo, mafuta yaleyale ambayo dada zetu wanapaka nywele. Ila haya yamebadilishwa kiwandani, na yana tabia mbili mbaya. Kwanza, mwili wa watu wengi unayakataa kwa kuvimba, kuwasha na kubana kifua, kwa hiyo kabla ya dripu mgonjwa anapewa deksamethasoni na dawa za mzio. Pili, yanachubua kemikali kutoka kwenye plastiki ya kawaida, ndiyo maana dawa inawekwa kwenye chupa ya kioo au mfuko wa aina maalumu, na mpira wake pia ni wa peke yake. Mgonjwa anayeona wauguzi wanahangaika kutafuta chupa ya kioo anadhani ni ubabaishaji. Ni nyonyo.

Gome lilikuwa na tatizo lake. Ukilichuna mti unakufa, na miti kadhaa iliyokomaa ilihitajika kwa mgonjwa mmoja. Wamarekani wakaanza kugombana, watetezi wa misitu upande mmoja na wagonjwa upande mwingine. Suluhisho likatoka kwa binamu wa mti huo huko Ulaya: Wafaransa waligundua kwamba sindano zake za majani zina kemikali ambayo ikimaliziwa maabara inakuwa dawa, na majani yakikatwa yanaota tena.

Hapo nakumbuka kwetu. Kilimanjaro na misitu mingine ya milima ya Afrika ina mti unaoitwa Prunus africana, ambao magome yake yamesafirishwa Ulaya miaka mingi kutengeneza dawa ya kuvimba kwa tezi dume. Ulichunwa mpaka mwaka 1995 ukaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Na kuvimba kule kwa uzee si kansa. Wazee wanakuja wananunua unga wa gome mjini, mkojo unalegea kidogo, wanaridhika, na kansa kama ipo inaendelea kukua kimyakimya bila kipimo. Hao ndio wanaonikosesha usingizi kuliko wa kansa ya titi, maana mwanamke uvimbe anaugusa kwa mkono wake.

Hadithi ya Shimba Hills nayo haielezwi vya kutosha, na iko mlangoni kwetu, Kwale nchini Kenya, ng'ambo tu ya Tanga. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan wa Marekani alitangaza kemikali aliyoitoa kwenye mti wa jamii ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Aliiita maitansini. Iliua seli za kansa kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko karibu kila kitu kilichokuwa kimejulikana. Ili kupata ya kutosha kwa majaribio, katika miaka hiyo ya 1970 zilikusanywa tani kama 27 za jamaa yake, Maytenus buchananii, kwenye misitu ya Shimba Hills. Tani 27! Watu walikata, wakakausha, wakapakia. Waliporudi baadaye kutafuta nyingine wakakuta haipatikani kirahisi, msitu ulikuwa haujajaza pengo.

Na baada ya yote hayo dawa ikashindwa. Kwenye maabara ilikuwa simba. Kwa binadamu iliumiza tumbo, ini na mishipa ya fahamu kabla haijafikia kansa yenyewe, na majaribio yakasimamishwa. Ilikaa kabatini miaka mingi. Baadaye watu wakapata wazo la kuifunga kwenye kingamwili inayotambua alama moja iliyoko juu ya aina fulani ya kansa ya titi, ili sumu ifikishwe mlangoni pa seli ndipo ifunguliwe. Mwaka 2013 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kwa jina la Kadcyla. Siku hizi hata mti hauhitajiki, kwa sababu mali ghafi inazalishwa na bakteria. Sijawahi kuona Kadcyla imefika dukani kwetu, na bei yake hata sitaki kuitaja mbele ya mtu wa Kwale.

Naeleza hayo kwa sababu kila wiki simu yangu inaletewa ujumbe ule wa stafeli. Mnaujua: majani ya mstafeli yanaua kansa mara 10,000 zaidi ya kemo, kampuni za dawa zinaficha, tuma kwa watu kumi. Kuna punje ya ukweli ndani yake. Stafeli ina kemikali zinazoua seli za kansa kwenye kisahani cha maabara. Lakini kisahani hakina ini, hakina figo, hakina mtoto anayekusubiri nyumbani. Hata siki inaua seli kwenye kisahani. Maitansini iliua vizuri kuliko stafeli na bado ilichukua kama miaka 40 na akili nyingi kuifanya imwache mgonjwa hai. Halafu kwenye kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu wanakula stafeli na kunywa chai ya majani yake kwa wingi, madaktari waliona mwaka 1999 kwamba wapo wengi wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, na mkono ukaelekezwa kwenye kemikali hizohizo, maana zinadhuru seli za ubongo. Tunda la mara mojamoja sijakukataza. Dumu la lita tano la majani yaliyochemshwa, kila siku, miezi sita, hilo nakukataza.

Kuna na wale wa "vitamini B17", inayotolewa kwenye kokwa za aprikoti. Si vitamini. Ni kemikali inayotoa sianidi tumboni, ndugu wa ile inayofanya muhogo mchungu ulowekwe kabla ya kuliwa. Taasisi za Marekani ziliijaribu kwa wagonjwa 178, matokeo yakachapishwa 1982: hakuna aliyepona, na baadhi yao walikuwa na sianidi kwenye damu karibu na kiwango cha kuua. Bibi zetu walijua kuloweka muhogo bila maabara. Leo mjukuu mwenye digrii anaagiza sianidi mtandaoni kwa dola.

Siwezi kuandika kuhusu miti na kansa kanda hii nikaruka Loliondo. Mwaka 2011 nilikuwa bado chuo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu na kila mtu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa, akawa anachemsha mizizi ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, na kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kisukari, presha, ukimwi, kansa, vyote kikombe kimoja. Arusha iligeuka stendi ya nchi nzima na ya nchi jirani. Nauli zilipanda kila siku, Land Cruiser zikakosekana, foleni ikawa ya kilomita nyingi, wengine wakafia njiani wakiwa wametolewa wodini. Viongozi wa serikali na wa dini walikunywa mbele ya kamera. Baba mdogo wangu alichangisha ukoo mzima, akaenda, akarudi na vumbi na matumaini.

Simkejeli marehemu Babu. Alifariki Julai 2021 na hakufa tajiri. Ukilinganisha na wanaouza leo "dozi kamili ya kansa" kwa laki tatu na nusu kwenye redio, yule mzee alikuwa na staha. Kinachoniuma ni kwamba mtaani kwetu walikwenda watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa ana ugonjwa gani, kipimo kilisema nini kabla, kikasema nini baada. Robert Noble alikuwa na chai ya wenyeji, sawa na sisi. Alichotuzidi ni panya, mizani na daftari. Vifaa hivyo hata sisi tunavyo sasa. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha kina watu wanaopima mimea, na hapo Ngaramtoni kuna hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea iliyokaushwa. Tatizo la mtaani ni kwamba mti unaouzwa kama "dawa ya Kimasai" umeshasagwa. Unga wa kahawia. Hakuna jani, hakuna ua, hata mtaalamu wa Ngaramtoni umpe nini akutambulie?

Narudi kwa mama mkubwa, kwa sababu alikuwa na chupa ya chai ya pili. Ya kwanza ilikuwa na chai. Ya pili alikuwa anaificha chini ya khanga kwenye kikapu, na mimi mfamasia wa ukoo nilikuwa wa mwisho kujua. Kisa chake kilianzia hospitali nyingine, kabla hata ya kemo, ambako mhudumu alimuuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Mama, unakunywa miti? Mkifa mnasema ni sisi!" Akajibu hapana. Tangu siku hiyo kila aliyemuuliza alijibiwa hapana. Mtu akiulizwa kama mshitakiwa anajibu kama mshitakiwa.

Na kuuliza kwenyewe ni muhimu sana. Paklitaxeli inavunjwavunjwa na ini. Vinkristini vilevile. Mti unaoibana kazi ya ini, hata juisi ya balungi ina tabia hiyo kwa dawa kadhaa, unaweza kuiacha dawa ikajaa mwilini ikawa sumu. Mti unaoichochea ini unaweza kuiondoa dawa kabla haijafanya kazi, na mgonjwa akapoteza nywele na vidole bure. Kipimo cha ini kikirudi kibaya mzunguko wa kemo unaahirishwa, daktari anahangaika kutafuta sababu kwenye kansa yenyewe, kumbe sababu iko kwenye kikapu chini ya khanga.

Nilimwomba tu aniandikie. Sikumwambia aache. Nikampa kadi yake ya kliniki, nyuma kulikuwa na nafasi, nikamwambia, "Mama, andika kila unachokunywa, kwa jina unalolijua wewe, nitampa daktari mwenyewe." Akaandika kwa Kichaga, maana majina mengine hayajui kwa lugha nyingine. Mwarobaini ulikuwemo, mlonge, tangawizi, gome moja la kutoka kwa Mmasai wa Mbuyuni, na mizizi miwili ya kwao juu.

Daktari alikuwa kijana wa Mbeya. Aliigeuza kadi, akaisoma tena, akamwita nesi wa Marangu. Nesi akasoma kwa sauti, akamwamkia mama mkubwa upya, safari hii kwa Kichaga, na mazungumzo yakabadilika. Tangawizi iliruhusiwa kwa kichefuchefu. Mlonge kama mboga, sawa, unga wake hapana. Gome la Mbuyuni likasimamishwa kwa sababu hakuna aliyejua ni nini. Mwarobaini nao ukasimamishwa mpaka mizunguko iishe na ini lipimwe. Mizizi miwili ilileta ubishi. Mama mkubwa alisema mmoja ni wa mgongo, hauhusiani na kansa, na mama yake aliutumia akafika miaka tisini. Daktari akasema haukatai, anauomba upumzike tu. Walibishana kwa adabu mpaka wagonjwa wa nyuma wakaanza kuguna, na mwisho wakakubaliana: ule wa mgongo ataukunywa baada ya dripu ya mwisho, ila kwanza amletee daktari tawi lake lenye ua.